Nenda kwanza bila mbwa wako

Ujumbe unaonijia mara nyingi zaidi huingia Jumapili jioni: "Mwalimu, mbwa amenishinda. Nimpeleke wapi akafundishwe?" Juzi alikuwa dada mmoja wa Ruaka mwenye German Shepherd wa miezi minane. Akimtoa nje, mbwa anavuta kamba hadi viganja vya dada vinachubuka. Wageni anawarukia kifuani. Geti likiachwa wazi anatoka, na harudi mpaka aamue mwenyewe. Dada huyu alishapata mtu wa kumchukua mbwa kwa wiki sita, akae naye kambini, kisha amrudishe akiwa ameiva. Alichotaka kwangu ni kujua kama bei aliyotajiwa ni ya haki.

Nilimwambia bei tuiweke kando kwanza, tuangalie namna ya kuchagua klabu ya mafunzo ya utii. Mbwa hajifunzi neno "keti" akalibeba kila aendako. Anajifunza kuketi pale alipofundishiwa, kwa mtu yule, kwa sauti ile. Ukitaka aketi uani, getini na mbele ya kibanda cha mboga, itabidi umfundishe upya kote huko, ingawa kila mara kazi inapungua. Sasa mbwa aliyetii kambini kwa wiki sita anarudi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyebadilika: kamba inashikwa vilevile, wageni wanampapasa akiwarukia vilevile, na geti ni lilelile. Nimewapokea wengi wa namna hiyo, mafunzo yote yameyeyuka kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo ninaposema klabu ya mafunzo ya utii, nina maana ya mahali ambapo mwenye mbwa ndiye anayeshika kamba, na mkufunzi yuko pembeni akimwelekeza.

Tena kwenye nyumba zetu nyingi, mwenye mbwa siye anayeshinda na mbwa. Anayempa chakula, anayemfungulia usiku na kumfungia asubuhi, ni mtunza bustani, au mlinzi, au dada anayesaidia nyumbani. Mama anamwita "njoo", watoto wanamwita kwa Kiingereza, mtunza bustani anasema "kuja hapa", halafu tunashangaa mbwa hasikii. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa klabu yoyote ni hili: je, huyo anayemlisha mbwa anaweza kuja darasani pamoja na mwenye mbwa? Klabu inayojua kazi yake haitamruhusu tu, itamwomba aje.

Swali la pili ndilo kubwa: naweza kuja kuangalia darasa zima, bila mbwa wangu? Ukijibiwa hapana, mazungumzo yameisha. Ukijibiwa karibu, nenda ukae pembeni, simu mfukoni, na usimtazame mkufunzi. Watazame mbwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuangalia darasa moja nje kidogo ya jiji. Mbwa kumi na wawili walikuwa wakitembea kwa duara, bega kwa goti la mwenyewe, wakisimama na kuketi kwa filimbi moja. Kwa mbali palipendeza kama gwaride. Nikasogea, nikamchagua Labrador mmoja wa rangi ya maziwa, nikamfuata yeye tu kwa macho. Shingoni alikuwa na mnyororo wa kunyonga, ule unaokaza ukivutwa. Kila mkufunzi alipokaribia, kabla hata hajasema neno, mbwa yule alijilamba pua mara mbili, akageuza uso pembeni, akainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha ukining'inia. Mkia aliufyata. Mkufunzi akipita, anapiga mwayo mrefu. Mwenyewe alikuwa kijana mpole sana, akaniambia kwa fahari: "Unaona alivyotulia?" Hakuwa ametulia. Alikuwa ameganda, akingojea kuumizwa. Mwayo ule si wa usingizi; mbwa hupiga miayo na kujilamba midomo pale asipokuwa na chakula mbele yake wala uchovu, kwa sababu ana wasiwasi.

Darasa jingine nililiangalia kwenye maegesho ya shule, na kwa mtu asiyejua lilionekana vurugu. Mbwa walikuwa watano tu. Mmoja, chotara mdogo wa kahawia, alibweka tangu aliposhuka kwenye gari. Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia mwenyewe arudi nyuma, nyuma tena, mpaka wakawa hatua kama ishirini kutoka kwa wenzao, gari likiwakinga. Kisha akamwaga vipande vya ini la kuchemsha kwenye nyasi. Mbwa akabweka mara mbili zaidi, akainamisha kichwa, akaanza kunusa. Baada ya robo saa walisogea hatua tatu mbele, wakarudi nyuma tena. Hakuketi hata mara moja siku ile, wala hakuambiwa aketi. Alipoondoka mkia wake ulikuwa umelegea na alikuwa anaweza kuwatazama mbwa wengine bila kupasua koo. Hilo lilikuwa somo kamili, na mwalimu yule nimewapelekea wateja hadi leo.

Naandika haya nikiwa mtu aliyeanzia upande ule wa kwanza. Kazi hii niliijifunza kwenye kampuni ya ulinzi, kwa mnyororo na kelele, na mbwa wangu wa kwanza nilimfundisha hivyo. Alitii. Pia alikuwa akijikunyata kila nilipoinua mkono ghafla, hata nilipokuwa nataka kuwasha taa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nitafute maarifa zaidi.

Niliyoyakuta yanaeleweka vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha uchunguzi wa mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za eneo la Porto. Walilinganisha shule zinazofundisha kwa zawadi na zile zinazotumia mivuto ya mnyororo, karipio na adhabu za aina hiyo. Waliwapiga picha za video wakiwa mafunzoni na kupima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao, nyumbani na baada ya darasa. Mbwa wa shule za adhabu walijilamba midomo na kupiga miayo zaidi, walihema zaidi, na kotisoli yao ilipanda baada ya mafunzo. Wale waliofundishwa kwa adhabu nyingi zaidi walipowekewa bakuli wasilojua kama lina chakula, walilikaribia kwa kusita kuliko wenzao, kama wasiotarajia jema. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka Labrador wa rangi ya maziwa.

Utasikia wakufunzi wakikuambia lazima uwe "alfa", umwonyeshe mbwa nani bosi. Wazo hilo lilipata nguvu kutokana na kazi ya Rudolph Schenkel ya mwaka 1947, aliyewachunguza mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Mwaka 1999 L. David Mech, aliyetumia maisha yake kuwafuatilia wanyama hao porini, aliandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti. Hakuna anayepigania kiti. Kwa hiyo klabu ikianza na habari za kumpindua mbwa chali ili akuheshimu, toka. Na ukiona kola za umeme mezani, toka upesi zaidi. Wales walizipiga marufuku tangu mwaka 2010.

Pingamizi ninalolisikia sana ni hili: "Mwalimu, mimi nilimnunua awe mlinzi. Akifundishwa utii si atakuwa mlaini?" Nalielewa, kwa sababu nusu ya mageti ya mtaani kwangu yana kibao cha "Mbwa Mkali", na watu wamewahi kuibiwa. Lakini mbwa anayebwekea kila kitu, muuza maziwa, paka, pikipiki, mvua, hakuambii chochote. Usiku ukija ule mbweko wa kweli, nyumba nzima imeshazoea na mnageuka upande wa pili kulala. Mbwa anayejua kunyamaza akiambiwa, na kurudi akiitwa, ndiye ambaye ukimsikia unaamka. Utii hauondoi mbweko wake. Unakupa wewe njia ya kuuzima.

Klabu inayokufaa inategemea pia maisha mnayoishi. Mteja wangu mmoja yuko Mombasa, na nyumba yake iko kwenye njia ya kuelekea msikitini. Kwa majirani zake wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi: yakigusa kanzu, pataoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyekwisha kutawadha anaposogea upande wa pili wa barabara hana chuki na mbwa, anailinda swala yake. Kwa mbwa yule, somo la kwanza kabisa lilikuwa kuketi kando na kubaki ameketi mpaka mtu apite. Tulilifanya kila siku kwa dakika tano tano, mtunza bustani akiwa ndiye mpita njia. Klabu iliyokuwa inamfundisha kuruka viunzi haikuwa na cha kumsaidia.

Watu wenye watoto wa mbwa huniambia "samaki mkunje angali mbichi", na kuhusu umri wana haki kabisa. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa huwa mwepesi kuzoea watu, sauti na wanyama wengine. Dirisha hilo likifungwa, bado anaweza kujifunza, ila kwa jasho. Tatizo ni kwamba huo ndio umri ambao parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika, inaua. Wengi huambiwa wamfungie mbwa ndani mpaka chanjo zote ziishe, karibu wiki ya 16, na wakitoka naye dirisha limeshapita. Chama cha AVSAB, cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama, kinasema mtoto wa mbwa anaweza kuanza darasa akiwa na wiki saba hadi nane, ilimradi amepata angalau chanjo ya kwanza siku saba kabla.

Lakini darasa gani? Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Uwanja wa wazi ambapo mbwa wa mtaani wanalala usiku si mahali pa mtoto wa mbwa, hata kama mwalimu ni malaika. Tafuta klabu yenye darasa la watoto peke yao, juu ya saruji au vigae vinavyooshwa kwa Jik iliyochanganywa, kipimo kimoja kwa maji thelathini. Na siku ya kwanza mlangoni, wao ndio wakuombe kadi ya chanjo ya mbwa wako. Wasipoiomba yako, ujue hawakuomba ya huyo mbwa atakayekaa karibu na wako. Chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotolewa kuanzia miezi mitatu, kwa mbwa wakubwa haina mjadala.

Wapi pa kuanzia kutafuta? Nairobi kuna East Africa Kennel Club, chama cha wafuga mbwa, na maonyesho yake ni mahali pazuri pa kukutana na watu wanaofundisha na kuwaona mbwa wao kwa macho yako. Ukiwa Eldoret, Kisumu au Mwanza, nenda kwa daktari wa mifugo umuulize: "Mbwa wako mwenyewe ungempeleka kwa nani?" Swali hilo huleta jibu tofauti na "unamjua mkufunzi?" Vyeti viangalie, ila usivitegemee, jina la mkufunzi wa mbwa mtu hujipa mwenyewe, kwetu na hata Uingereza.

Ukipata klabu mbili tatu, uliza kozi inaishia wapi. Mimi hutumia kama kipimo mtihani wa utii wa American Kennel Club, chama cha wafuga mbwa cha Marekani, ulioanza mwaka 1989, wenye vipengele kumi, kwa sababu ni mambo ya mtaani hasa: mgeni akusalimie mkononi mbwa asimrukie, mtembee kati ya watu kamba ikiwa imelegea, aje akiitwa, apishane na mbwa mwingine bila vurugu, abaki na mtu mwingine dakika tatu wewe ukiwa umejificha. Ukimaliza wiki nane na mbwa wako anaweza nusu ya hayo, pesa yako haikupotea. Uliza pia idadi. Mimi mwalimu mmoja sichukui zaidi ya mbwa sita, maana wa saba simwoni.

Dada wa Ruaka alikwenda kuangalia madarasa mawili Jumamosi. La kwanza alitoka baada ya dakika kumi. La pili alikaa mpaka mwisho, na wiki ijayo anaanza, yeye na mtunza bustani wake. Nilimpa agizo moja la mwisho, na wewe nakupa hilohilo: ukiwa katikati ya darasa mkufunzi akanyoosha mkono kuichukua kamba yako ili "amnyooshe" mbwa, ishike. Sema "hapana, asante", mtoe mbwa wako uwanjani kwa utulivu, mpe kipande chake cha ini, mwende nyumbani. Pesa za darasa utazidai kesho kwa simu.