Ngazi za van Hiele ni nini?

Chora mraba ubaoni, kisha uchore uleule umesimama kwa kona. Kidato cha Kwanza hapa Moshi watakuambia wa pili si mraba, ni tiara. Si uzembe. Wanaona umbo zima, hawajaanza kuona sifa zake.

Hiyo ndiyo ngazi ya mwanzo kati ya tano za kuelewa jometri walizozieleza Dina van Hiele-Geldof na mumewe Pierre, walimu wa Uholanzi, katika tasnifu zao za mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Utrecht. Dina alifariki muda mfupi baadaye, Pierre akaendelea na kazi. Ngazi ya pili, mwanafunzi anataja sifa: pande nne sawa, pembe za nyuzi 90. Ya tatu, anazihusisha, anakubali kwamba kila mraba ni mstatili. Ya nne ni kuthibitisha. Ya tano, kulinganisha mifumo ya jometri, tuwaachie wa chuo kikuu.

Umri haupandishi mtu ngazi. Kinachompandisha ni mafundisho, na hakuna kuruka. Tena kila ngazi ina lugha yake. Mwalimu akisema "mstatili" anawaza pembe nne za nyuzi 90. Mtoto anawaza umbo refu kama mlango. Neno moja, watu wawili hawaelewani. Kwetu mzigo ni mara mbili, kwa sababu maneno yenyewe yanageuka Kiingereza mtoto anapoingia sekondari. Ukimdai uthibitisho kabla hajaifikia ngazi hiyo, ataukariri bila kuuelewa, na mtihani anaweza kufaulu.

Mimi huanzia nje, kwa kamba na vigingi, kama fundi anayepiga msingi. Fundi hupima mita 3 upande mmoja, 4 wa pili, kisha anavuta futi kamba toka ncha hadi ncha. Ikisoma 5, kona iko skwea, yaani nyuzi 90. Wanafunzi huipenda, lakini kupima tu bado ni kutaja sifa. Kwa hiyo nasogeza kigingi kimoja hadi futi isome 5.10, pande zikibaki 3 na 4, na kuuliza: kona imefunguka au imejibana? Kwa nini? Hapo ubishi huanza, na mimi hunyamaza. Wakirudi darasani, Pithagoras anakuta swali linamsubiri.