Vitabu vya dini katika maktaba za shule za umma Marekani

Wengi huamini kwamba Marekani imepiga marufuku Biblia shuleni. Si kweli. Biblia, Kurani au Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, vinaweza kukaa katika maktaba ya shule ya umma, na mwanafunzi akaviazima kama anavyoazima kitabu cha jiografia. Linalokatazwa ni shule, ambayo ni mkono wa serikali, kumhubiria mtoto.

Msingi wake ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791: serikali isianzishe dini, wala isimzuie mtu kufuata yake. Mwaka 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya Pennsylvania iliyotaka aya kumi za Biblia zisomwe kila asubuhi. Hukumu hiyohiyo ilisema Biblia inaweza kufundishwa kama fasihi au historia, mradi kipindi kisigeuke ibada. Sehemu hii ya pili husahaulika sana.

Maktaba ina uhuru kuliko darasa, kwa kuwa kitabu kilicho rafuni hakimlazimishi mtu. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ya California iliruhusu shule ya sekondari ya Selma kununua Biblia za King James, tafsiri ya Kiingereza inayotumiwa na Waprotestanti, ingawa sheria ya jimbo ilikataza vitabu vya kimadhehebu: kununua kitabu, ilisema, si kukubali mafundisho yake.

Kesi ninayoiona kuwa na funzo zaidi ni ya Colorado. Mwalimu wa darasa la tano aliagizwa aondoe vitabu viwili vya Kikristo kwenye rafu ya darasani, na Biblia yake isionekane mezani saa za masomo. Alishtaki, na mwaka 1990 mahakama ya rufaa ikaupa uongozi wa shule ushindi. Lakini Biblia iliyokuwa imeondolewa katika maktaba ya shule, jaji aliyeisikiliza kesi mwanzo, kabla ya rufaa, aliamuru irudishwe. Kitabu kilekile, jengo lilelile: mezani kwa mwalimu kina sauti ya mamlaka, maktabani hakina.

Kuondoa kitabu nako kuna mipaka. Katika kesi ya Pico, 1982, majaji wa Mahakama ya Juu walielekea kusema bodi ya shule isifute kitabu kwa kuchukia mawazo yaliyomo, ila hawakupata hoja moja ya wengi, na mawakili wanabishana hadi leo.

Utah ilipata kioja chake. Sheria ya 2022 iliagiza maudhui ya ngono yaondolewe shuleni. Mzazi mmoja, kwa kejeli, akapeleka malalamiko dhidi ya Biblia kwa sheria hiyohiyo. Mwaka 2023 wilaya ya shule ya Davis iliiondoa kweli katika shule za msingi na za kati, kelele zikazuka, na Juni bodi ikairudisha.