Faili la nidhamu la polisi si siri yake binafsi

Wengi huamini kwamba faili la nidhamu la polisi ni siri yake, popote alipo. Si kweli.

Polisi sita wa Seattle, Marekani, walikuwa Washington, D.C., mji mkuu wa nchi hiyo, Januari 6, 2021, siku Bunge la Marekani lilipovamiwa. Kuhudhuria mkutano wa siasa uliofanyika siku hiyo hakukuhesabiwa kuwa kosa, na ni haki iwe hivyo; wachunguzi walitaka kujua nani alivuka vizuizi vya Bunge. Wawili walivuka, wakafukuzwa kazi Agosti 2021. Watatu hawakukutwa na hatia. Kwa mmoja, ushahidi haukutosha.

Wanne hao ambao hawakufukuzwa walitaka majina yao yafichwe katika faili za uchunguzi huo. Februari 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, ambako Seattle ipo, iliwakatalia: hawakuonyesha kwamba kuhudhuria mkutano wa hadhara ni jambo la faragha.