Diklo haijui mgongo uko wapi

"Dada, nipe zile za mgongo."

Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ombi hilo hunikuta hata sijamaliza kufagia mlango. Malori yakilala kwenye foleni, asubuhi madereva hushuka wamekakamaa kama mbao. Wabeba magunia nao huja mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika noti. Dawa ya mgongo sina. Nina diklofenaki, ambayo mji mzima unaiita diklo, nina ibuprofeni, nina aspirini, na kwenye rafu ya juu nina indomethasini. Zote ni ukoo mmoja, ukoo wa dawa zinazotuliza maumivu na kushusha uvimbe. Watu wananiita musawo, yaani daktari, ingawa mimi ni nesi tu wa duka la dawa. Lakini kwa miaka niliyosimama nyuma ya hii kaunta, nimeona kwamba makosa mengi ya dawa hizi yana mzizi mmoja: watu wanaamini kidonge kinajua kinakokwenda.

"Inakwenda moja kwa moja panapouma"

Haiendi. Ukimeza, inaingia kwenye damu, na damu inaisambaza kote, mgongoni, tumboni, kwenye figo, kwenye moyo, hadi kidole cha mwisho cha mguu ambacho hata hakina shida.

Kinachotokea ni hiki. Sehemu ya mwili ikiumia, seli zake hutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo huleta joto, wekundu na uvimbe, na huzichokoza neva mpaka kuguswa kidogo tu unaruka. Kuna kimeng'enya kinachozitengeneza, na kazi ya diklo na ndugu zake ni kukizuia. Kiwanda kikifungwa, bidhaa inaadimika, maumivu yanapoa. Cha ajabu ni kwamba aspirini iliingia sokoni mwaka 1899, na watu wakaimeza kwa zaidi ya miaka 70 bila yeyote kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1971 ndipo Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini. Mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Lakini prostaglandini hazipo mwilini ili kututesa tu. Tumboni ndizo zinazosimamia ute unaokinga ukuta wa tumbo usiliwe na asidi. Kwenye figo huiacha mishipa wazi damu ipite. Kemikali nyingine ya kiwanda hichohicho huziwezesha chembe sahani kushikana ili damu igande ukijikata. Wewe umefunga kiwanda kwa sababu ya mgongo, na tumbo nalo limekosa mgao wake.

"Panadol na diklo ni kitu kimoja, ila diklo ina nguvu"

Paracetamoli, ambayo ndiyo iliyo ndani ya Panadol, haimo katika ukoo huu. Inashusha homa na kupunguza maumivu, lakini uvimbe haiugusi sana, na tumbo hailisumbui. Hatari yake iko kwenye ini: mtu mzima asivuke gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kwa kuwa ni koo mbili tofauti, paracetamoli na ibuprofeni zinaweza kutumika pamoja. Wawili wa ukoo mmoja hawachanganywi.

Dereva mmoja wa njia ya Mombasa alinimwagia mfuko wake wa dawa hapa kaunta nimsaidie kuchagua. Nikahesabu: diklo ya upande wa Kenya, diklo ya Kampala yenye rangi nyingine, ibuprofeni ya miligramu 400, na vidonge vya kichwa vya mchanganyiko ambavyo kwenye karatasi yake, kwa maandishi madogo, vilikuwa na aspirini. Kila jioni alikuwa akimeza kimoja kimoja. "Zinasaidiana," akaniambia. Nikamwambia, kaka, hapo umemeza dawa moja mara nne. Maumivu hayapungui mara nne, kwa sababu kiwanda kikishafungwa kimefungwa. Kinachozidi ni madhara. Na rangi ya kidonge ni uamuzi wa kiwanda tu. Soma jina, na kama herufi ni ndogo, mpe mwenye macho akusomee.

"Nimeshakula posho (ugali), tumbo liko salama"

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kula kwanza kunapunguza kiungulia na kichefuchefu. Kidonda chenyewe hakizuiliwi na posho, kwani dawa hailiumizi tumbo kwa kuligusa tu. Inalifikia kwa nyuma, kupitia damu, na kulinyang'anya ute wake.

Kulikuwa na mbeba magunia, mtu mwenye kifua kama mlango, aliyekuwa mteja wangu wa kila wiki. Sikujua kwamba alinunua pia maduka mengine mawili. Alikuwa anakula vizuri kabla ya kumeza, kama nilivyomwagiza. Jioni alikaa na wenzake kuzunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, mrija mdomoni, na pombe na dawa hizi ni marafiki wabaya. Siku moja akaja rangi imemtoka, jasho jembamba linamtiririka, akaomba dawa ya nguvu kwa sababu akipanda ngazi ya lori anaona giza. Nilipomuuliza choo kikoje, alishangaa. Akasema ni cheusi, kinanata kama lami, tangu siku tatu, na akadhani ni maharage. Ile ilikuwa damu iliyopitia kwenye asidi. Hakuwa na maumivu ya tumbo hata kidogo, maana dawa inayotuliza mgongo inatuliza na kengele ya tumbo pia. Tulimpakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili hadi Tororo, akaongezwa damu. Alipona.

Nikieleza habari hii, kuna atakayesema vidonda vya tumbo huletwa na pilipili na njaa. Havitokani na hivyo. Sababu kubwa ni mbili: bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na dawa za ukoo huu. Habari ya bakteria ilithibitishwa na Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe ili watu wamwamini, na tuzo ya Nobel wakaipata mwaka 2005. Aliye na vyote viwili yuko hatarini zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyepita miaka 65, aliyewahi kutokwa na damu tumboni, na anayetumia prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, au warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kama hana budi kutumia dawa hizi, kinga inayojulikana ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, au dawa ya aina yake, na hayo ni mazungumzo yake na daktari.

"Basi nidunge, sindano haipiti tumboni"

Inapita kwenye damu, na damu inapita tumboni. Madhara ni yaleyale. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, ukisubiri nusu saa au saa moja kidonge kinafika pazuri tu. Mambo ambayo sindano inaongeza ni jipu, na hatari ya kugonga mshipa mkubwa wa neva unaopita kwenye tako. Hospitali za nchi hii zinawajua watoto waliobaki wakiburura mguu baada ya kudungwa kwinini takoni. Neva haiulizi ni dawa gani. Najua watu wanaipenda sindano, wanaona bila sindano hawajatibiwa. Mimi huwajibu kwamba bei ya sindano ni kubwa, na hapo wengine hukumbuka ghafla kwamba wanajua kumeza.

"Homa imeshuka, mtoto amepona"

Ibuprofeni inashusha joto la malaria bila kumuua hata mdudu mmoja wa malaria. Joto limeshuka, vimelea bado vinazaliana. Pima kwanza, na kama ni malaria, maliza dozi ya dawa ya malaria. Aspirini usimpe mtoto kabisa. Mtoto mwenye homa ya virusi akiipata anaweza kupata ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini huharibu ubongo na ini.

Kuna na jambo letu la Uganda. Septemba 2022 Ebola ilipozuka Mubende, watu waliuliza kama wanunue diklo waweke nyumbani. Mahali penye tetesi za Ebola, homa ishushwe kwa paracetamoli huku mgonjwa akipelekwa kupimwa, kwa sababu aspirini, diklo na ibuprofeni huzuia damu kuganda, na ugonjwa wenyewe unaweza kumfanya mtu avuje damu.

"Namezea aspirini presha yangu"

Aspirini ndogo ya miligramu 75 hupewa waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi cha damu kuganda. Inazilemaza chembe sahani kwa muda wote wa uhai wao, siku 7 hadi 10 hivi. Presha yenyewe haishuki hata nukta. Kwa anayepewa aspirini hiyo, ibuprofeni ikimezwa mapema kuliko aspirini inaweza kuikalia kiti chake, aspirini ikakosa pa kushika.

Tena dawa za ukoo huu huipandisha presha, kwa kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Mzee anayemeza dawa ya presha kama enalaprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoza, halafu akaongeza diklo ya goti, figo zake zinabanwa pande tatu. Ongeza kuharisha au siku nzima juani bila maji, na figo zinaweza kusimama. Akija mtu kununua diklo na miguu imevimba, huwa nauliza kwanza anameza dawa gani nyingine.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu figo, waulize tumbusi wa India. Wafugaji waliwatibu ng'ombe kwa diklo, wengine wakafa dawa ikiwa bado mwilini, tumbusi wakala mizoga. Figo zao zikafa, na aina tatu za ndege hao zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2006 India ikapiga marufuku diklo ya mifugo. Figo za binadamu zinavumilia kuliko za tumbusi, hilo nakubali.

Moyo nao umo. Mwaka 1999 kampuni ya Merck ilileta rofekoksibu, dawa ya ukoo huuhuu iliyobuniwa makusudi ili ilihurumie tumbo. Mwaka 2004 iliondolewa sokoni duniani kote, baada ya kuonekana kwamba inaongeza shambulio la moyo na kiharusi. Diklo kwa dozi kubwa ya muda mrefu nayo ina hatari ya namna hiyo. Aliyewahi kupata ugonjwa wa moyo aiache.

"Msichana akimezea hedhi atakuwa tasa"

Wanaosema hivi ni mama zetu, na mabinti wanajikunja kitandani wakikosa shule bure. Maumivu ya hedhi yanaletwa na prostaglandini zenyewe: mji wa mimba unazitengeneza kwa wingi, nazo zinaubana kama ngumi. Ndiyo maana ibuprofeni hapa ni dawa iliyolenga, si ya kubahatisha. Miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku, baada ya kula, ianzwe dalili zinapoanza, kwa siku mbili au tatu. Haimfanyi mtu tasa. Anayetafuta mimba asizitumie dawa hizi mfululizo mwezi mzima, kwani zinaweza kuchelewesha yai kutoka. Akiacha, mambo hurudi. Aliye na pumu aulize kwanza, maana wengine dawa hizi huwabana kifua.

Mjamzito ni habari nyingine. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Mimba ikikomaa zaidi, zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto. Tumia paracetamoli.

"Ya kupaka ni ya kujidanganya"

Wanaume wa foleni wanaidharau jeli ya diklo. Dawa ya kweli, wanasema, humezwa. Lakini kwa goti na viungo vya vidole vya mikono jeli inafanya kazi vizuri, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko kidonge. Ni njia pekee ya kuipeleka diklo unakotaka, kwa kuwa mkono wako ndio unaojua goti liko wapi. Kwa mgongo haisaidii hivyo, misuli yenyewe iko ndani mno.

Mbeba magunia wangu amerudi kazini. Siku hizi anabeba magunia ya kilo 50 na ya 100 anawaachia vijana, na akija ananunua Panadol. Juzi alisimama pale mlangoni, akamwambia dereva aliyekuwa mbele yake, "Usimwombe za mgongo huyu. Atakuuliza choo chako mbele ya watu."