Kozi fupi za maudhui fikivu: yanayodhaniwa na yalivyo

Huko Ontario, Kanada, kanuni zilizo chini ya sheria ya 2005 ya ufikivu, yaani watu wenye ulemavu waweze kutumia huduma na maudhui kama wengine, zilitaka tovuti za taasisi za umma na za kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zifikie WCAG 2.0 (miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti) kiwango cha AA, cha katikati kati ya vitatu, ifikapo Januari 1, 2021. Wanaopaswa kuifanya kazi hiyo wameshaajiriwa, wala hawawezi kuacha mshahara mwaka mzima warudi chuoni. Kozi fupi zinawafaa, ila zinapangwa vibaya kwa sababu ya dhana hizi.

Dhana: Kata muhula vipande sita, upate kozi sita.
Ukweli: Aliyesoma kozi moja tu lazima aondoke na kazi anayoweza kuifanya kesho yake. Kozi ya nyaraka iishie kwenye faili moja lililokamilika: vichwa vimewekwa kwa mitindo ya Word, si kwa kukoza herufi, kila picha ina maelezo, jedwali lina safu ya vichwa, lugha imetajwa. Hilo la lugha husahaulika mno. Andiko la Kiswahili likiachwa na alama ya Kiingereza, kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, hulitamka Kiingereza na msikilizaji haambulii kitu. Mwisho, PDF ipatikane kwa kuhifadhi faili kama PDF. Ukipitia amri ya kuchapisha, kwa kawaida lebo zinazokieleza kisoma skrini muundo wa faili hupotea na jasho lote limekwenda bure. Kwa maoni yetu, saa 15 hadi 20 zinatosha, mazoezi yakiwemo.

Dhana: Programu ya ukaguzi isipoona kosa, mwanafunzi amefaulu.
Ukweli: Programu huona kwamba picha ina maelezo, haitambui kuwa maelezo hayo, "mchoro wa mapato", hayataji hata tarakimu moja. Mtahini aifungue kazi kwa NVDA, kisoma skrini cha bure, aweke kipanya kando na kupita kwa kibodi peke yake. Hapo ndipo fomu nyingi hukwama. Bora zaidi mtahini awe mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini kila siku, na alipwe sawa na watahini wengine.

Dhana: Kozi nyumbufu haina tarehe za mwisho.
Ukweli: Somo linaweza kusubiri usiku, masahihisho hayasubiri. Anayeandika manukuu (maandishi ya sauti kwa ajili ya wasiosikia) ya video kumi bila kusahihishwa hurudia kosa lilelile mara kumi, kama kuacha kutaja msemaji au mlio wa king'ora. Video ya kwanza, ya dakika 3, isahihishwe kabla ya pili kuanza. Tarehe ziwepo, na siku za nyongeza zitolewe bila kudai barua ya daktari.

Dhana: Cheti kimoja kinatosha daima.
Ukweli: WCAG 2.0 ni ya 2008, 2.1 ya 2018, 2.2 ya Oktoba 2023. Hii ya mwisho imeondoa sharti la 4.1.1, lililohusu usahihi wa msimbo wa ukurasa, na kuongeza, pamoja na mengine, kipimo cha vitufe: angalau pikseli 24 kwa 24, kukiwa na misamaha michache. Kozi zikitenganishwa vizuri, chuo hurekebisha ile ya tovuti tu, na aliyehitimu zamani hurudi kusoma hiyo peke yake.