Jeshi lilipokosa wapishi

Wanafunzi wangu wa ugavi hapa Dodoma wakisikia ugavi wa kijeshi huwaza malori, mafuta na risasi. Mimi huanza na mpishi.

Mwishoni mwa Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, kiliingia Dodoma kikitokea Kondoa, kikaishika Reli ya Kati. Kilikuwa hoi. Kule Kondoa masika yalikuwa yamekata njia ya kutoka Moshi, magari yamekwama kwenye tope, farasi wanakufa kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Reli nayo haikuwafaa mara moja, kwa kuwa Wajerumani walivunja madaraja wakirudi nyuma. Mzigo ukabaki kichwani mwa mpagazi.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Chukua mpagazi anayebeba kilo 25 na kula kilo moja kwa siku. Mtume safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi, ale kutoka kwenye mzigo huohuo: askari anapata kilo 5. Ukiongeza wapagazi, umeongeza walaji.

Waingereza waliandikisha wapagazi kwa malaki, lakini watu wa kuwahudumia hawakutosha. Maofisa wanaojua Kiswahili walikuwa haba, makarani wa kuandika majina na mishahara haba, wapishi ndio kabisa. Fikiria mtu anafika kambini usiku, miguu imevimba, anagawiwa unga wa mahindi asiouzoea, sufuria ya kugombania na kuni mbichi. Anakula haujaiva. Maradhi, kuhara damu kukiwa mbele, yaliua wapagazi wengi kuliko risasi. Inaniuma kila ninapolifundisha, maana wengi wao wangepona kwa chungu na mtu wa kukikalia.

Gharama iliwaangukia Wagogo, wenyeji wa Dodoma. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima. Mvua zilipogoma, ghala zilikuwa tupu. Ndiyo njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Wanahistoria wanakadiria ilichukua watu 30,000 kati ya 150,000 wa eneo hili. Kuiita njaa ya ukame tu ni kuwaonea waliokufa.

Kwa hiyo katika zoezi la mwisho wa muhula nataka ikama, yaani hesabu ya watu wa kila kazi, iandikwe kabla ya orodha ya mizigo: mpishi mmoja kwa watu wangapi, nani anasaga, boharia akiugua nani anashika leja. Anayeniletea tani bila watu, namrudishia karatasi yake.