Kuchapa picha na watoto wadogo: rangi ziko kihambani kwenu

Wazazi hapa Moshi wananiambia sana kwamba rangi za dukani bei iko juu afu mtoto wa miaka mitatu anamaliza kopo kwa siku moja. Mi nafundisha watoto wa awali na rangi nyingi natoa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na jikoni.

Anza na bua la jani la mgomba, lile nene linaloshika jani, sio shina. Likate kama unavyokata muwa (kisu unashika wewe) afu muoneshe mtoto pale ulipokata, ataona umbo la mwezi mchanga na ndani yake vyumba vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki, ni nafasi za hewa hizo ndo maana bua ni jepesi. Ukichapa vizuri kila kachumba kanatokea kwenye karatasi. Ila jamani uache utomvu uchuruzike kwanza na uufute, ukikauka kwenye nguo hautoki, mwaka wangu wa kwanza niliharibu sare za watoto watatu na wazazi walikasirika, walikuwa na haki kabisa.

Kinachoharibu picha za wengi ni rangi ya majimaji, mtoto anachovya bua lote, vyumba vinajaa na linabaki doa tu. Rangi iwe nzito kama mtindi. Chekecha udongo mwekundu kwa kitambaa, changanya na uji wa unga wa ngano uliopoa, paka kwenye kipande cha sponji ya godoro afu mtoto agandamize hapo kama wanavyofanya na muhuri ofisini. Mkaa uliosagwa nao unatoa nyeusi nzuri sana.

Bamia chukua zilizokomaa, zile ngumu ambazo mama muuza sokoni Mbuyuni anazitenga, futa ute, chapa, linatoka ua la pembe tano na mara nyingine zaidi, waache wahesabu wenyewe. Majani chapa upande wa chini maana mishipa imejitokeza huko. Isale, ule mmea wa mila kwa Wachagga, usichume bila kumuuliza babu, lina heshima yake. Mnyaa usiguse kabisa, utomvu wake ukiingia machoni ni hatari, na mbegu za mnyonyo ni sumu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni manjano, kile kiungo cha unga cha jikoni. Koroga na maji, wapake karatasi nzima, ikikauka chovya brashi kwenye maji yenye magadi kidogo sana na uchore mstari mmoja, unageuka mwekundu wa kahawia palepale na darasa zima linanyamaza. Dondoshea limau, njano inarudi. Usikimbilie kueleza, subiri waulize, na usimshike mtoto mkono ili picha ipendeze.

Zikauke kivulini maana manjano yanapauka haraka juani, na nyuma andika jina na tarehe kwa penseli.